Ziada ya Chumba cha Juu

Imtiaz alipofika hakuketi, na kwa hilo Badria akajua kilichomleta. Anayekuja kuhani huketi barazani, hata kwa dakika mbili. Huyu alisimama mlangoni akiigeuzageuza mkononi kofia yake ya kazi ya kutembeza wageni.

"Poleni tena, Bi Badria. Mzee Abdulkadir alikuwa mzazi wetu sote." Akameza mate. "Alhamisi yaingia meli."

"Nilikwambia tangu siku za matanga, tumepumzika."

"Ulinambia, dada. Lakini tikiti zimeuzwa huko huko melini. Mgeni akishapanda hupewa kitabu cha ziada achague: kukandwa mwili, vinywaji, mtandao, kupanda ngamia, na nyumba yenu. Nyumba yenu ndiyo hujaa kwanza. Nikisema haipo, ofisi itatafuta nyingine. Na wakishaipata, usitaraji watarudi kwako."

Hilo la mwisho ndilo lililomchoma. Badria alikuwa amerudi kwao baada ya talaka, na diploma yake ya utalii ikiwa imemfikisha kwenye meza ya mapokezi ya hoteli ambayo baadaye ilifungwa. Wazo la kuwaingiza wageni wa meli nyumbani kwao Mji wa Kale lilikuwa lake yeye. Baba yake alimimina kahawa na kueleza habari za mlango wa nakshi, akiongeza chumvi kila mwaka. Badria alipaka hina. Msimu wa meli ndio uliowalisha mwaka mzima.

Sasa baba hayupo, mwezi na ushei. Na juu, katika chumba kinachotazama mtaa, mjane wake, Bi Mejumaa, alikuwa amekaa eda.

Badria alipanda ngazi akijipanga maneno.

"Wataka kunambia nini?" mama yake alimuuliza hata hajaketi. "Sema, usizunguke. Umesimama kama askari kanzu."

"Meli, mama. Alhamisi. Saa moja tu, na wote watakaa chini."

Bi Mejumaa alikuwa juu ya mswala, amevaa nguo zake nyeupe, mikono mitupu bila bangili hata moja. Tasbihi ilisimama vidoleni.

"Kaburi la baba yako halijakauka."

"Baba mwenyewe ndiye aliyewakubali."

"Baba yako alikuwa mkarimu. Wewe mfanyabiashara. Sikutukani, nakwambia ulivyo." Akavuta punje moja ya tasbihi. "Badria, mimi sina kubwa ninalotaka tena duniani. Nataka nimalize miezi yangu minne na siku kumi ndani ya nyumba ya mume wangu, nisitiwe jicho na mwanamume wa kando. Basi. Hilo waweza kunipa?"

"Naweza. Hapandi mwanamume ngazi hii. Wala udi sitafukiza, usije ukakufikia."

"Haya."

"Na mlango nitakufungia kwa nje, kwa hiyo saa moja."

Bi Mejumaa alimtazama kana kwamba amesikia tusi. "Unifungie? Nyumba ya msiba? Akija mtu kunihani akute komeo, aseme Mejumaa amewafungia watu mlango? Acha pazia. Pazia latosha."

Na kweli, pazia lilikuwa limetosha siku zote. Katika mtaa ule hakuna anayelivuka pazia bila kupiga hodi, tena hodi tatu, akikosa jibu akarudi zake. Hata mtoto hulijua hilo kabla ya kujua kufunga viatu. Badria angeweza kushikilia neno lake, ni saa moja tu. Hakulishikilia. Alikuwa ameshapata ruhusa aliyoitaka, akaogopa kuyarefusha mazungumzo, ruhusa isije ikamponyoka.

Alhamisi wageni walikuja wakiwa wamebandikwa vifuani kama mizigo. Kibandiko cha kijani, huyo amelipia kahawa na halua. Cha rangi ya chungwa, ameongeza hina. Cha buluu, atafundishwa kufunga leso. Imtiaz aliwapanga sebuleni, kisha akaanza kutafuta kitu kwa macho.

"Chetezo ki wapi, dada?"

"Leo hakuna udi."

"Udi umeandikwa kwenye kitabu."

"Imtiaz, juu kuna mtu wa eda."

"Najua. Kidogo tu, wapige picha ya moshi, kisha nauzima." Na kwa kuwa nyumba aliijua, akakitoa chetezo mwenyewe kabatini. Badria alikuwa na birika mkononi na watu kumi na tano mbele yake. Aliuona moshi ukiinuka taratibu kuelekea ngazini, akageuza uso.

Bwana mmoja mrefu, mwenye mashavu yaliyobabuka kwa jua, alikuwa ameshika karatasi yenye picha ya Mzee Abdulkadir na birika lake. Mkewe alimwita Jeremy. Jeremy akauliza yuko wapi mzee huyu.

"Ni babangu. Amefariki."

Mmoja alikiweka kikombe chini. Mke wa Jeremy, mama mwenye nywele fupi za mvi, alijishika kifua akauliza, na mama yako je?

Hapo Badria angeweza kusema, hajambo, asante. Lakini alikuwa amezoea kuulizwa na kujibu, na kujibu vizuri ndiko kulikomlisha. Akasema mama yuko juu, amekaa eda. Wakauliza eda ni nini. Akawaeleza. Akawaeleza habari za nguo nyeupe, za mwili usioguswa na manukato wala hina, za kutotoka nje na kutoonekana na wanaume. Aliona nyuso zikiinuka, vikombe vikisahauliwa, na akajisikia sauti yake ikishuka na kupanda mahali panapofaa, kama baba yake alipokuwa akieleza habari za mlango. Tangu asubuhi walikuwa wamechoka na jua. Sasa walikuwa mkononi mwake. Akaongeza habari ya namna baba alivyotolewa nyumbani na mama akabaki juu akisikiliza nyayo za wachukuzi mpaka zikapotea mtaani. Hilo hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Kisha akaketi kupaka hina. Mwenye kibandiko cha chungwa alikuwa amemtandazia mkono, na koni ikishaanza ua huwezi kuinuka. Alisikia ngazi ikilia. Akadhani ni mtu anatafuta choo, ingawa choo kiko chini, na alikuwa amewaonyesha wote. Akamaliza jani moja. Ngazi ikalia tena, mara hii kwa uzito zaidi.

Badria alipanda mbio na koni mkononi.

Pazia lilikuwa limesukumwa kando. Bi Mejumaa alikuwa amegeukia ukutani, amejifunika leso mpaka usoni, amejikunja juu ya mswala kama mtu anayengoja kupigwa. Mke wa Jeremy alikuwa amepiga magoti kando yake, mkono begani mwake, na machozi yakimtoka, machozi ya kweli. Mumewe alisimama ndani ya kizingiti na simu imeinuliwa.

"Toka!" Badria alimpigia kelele kwa Kiswahili, kisha akaitafuta lugha ya yule bwana na kuikosa. "Toka, toka, toka!"

Jeremy aliishusha simu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Aliona haya mpaka masikio yakamwiva. Akasema walidhani ni sehemu ya ziara, kwa kuwa Badria ameisimulia vizuri mno. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kwa adabu, kama chumba hiki kimo ndani ya kibandiko cha kijani au kinalipiwa mbali. Mkewe, bila kungoja jibu, alitoa noti akailaza kwenye mswala karibu na goti la Bi Mejumaa, akaipapasa iwe sawa, akashuka akifuta macho.

Picha ilifutwa. Imtiaz alisimamia hilo mwenyewe, akaomba radhi mara nyingi kuliko zilizohitajika, akawatoa wageni wake mtaani kabla ya saa yao kwisha. Mwenye kibandiko cha chungwa aliondoka na nusu ya ua.

Badria alirudi juu. Noti ilikuwa pale pale. Bi Mejumaa alikuwa ameuhama mswala, ameketi sakafuni.

"Mama."

"Kiondoe hicho kitu. Na huo mswala kaufue."

"Mama, sikujua kuwa watapanda."

"Nilikusikia, Badria. Sakafu ya mbao hii, na lugha yao nimeshaizoea. Nimekusikia ukiwasimulia nyayo za waliombeba baba yako." Alisema bila hasira. "Hata mimi sikujua kuwa wajua nilikuwa nikizisikiliza."

Badria aliiokota noti. Aliuchukua mswala, akaufua uani, akauanika.

Imtiaz alipiga simu siku ya pili, baada ya sala ya Ijumaa. Badria alikuwa chini ya ngazi akipanga vikombe.

"Usinikatie, dada, nisikilize kwanza. Ofisi wamepata salamu kutoka melini. Wale watu hawakulalamika. Wamesifu! Yule mama ameandika kuwa katika safari yote, bandari zote, kile chumba ndicho hatakisahau. Sasa wauliza..." Akasita. "Mimi naulizwa tu. Wauliza kama Bi Mejumaa angeridhia. Wanawake watupu. Wachache. Hakuna simu. Ingekuwa ziada ya peke yake, juu ya zile nyingine."

Badria alikiweka chini kikombe alichoshika. Alipaswa kumtukana, na tusi lilikuwa tayari mdomoni. Lakini akili yake ilikuwa imeshakimbia mbele: wanawake kwa wanawake, kisheria hapana kosa, wanawake huja kuhani kila siku, mlango ungefungwa, yeye mwenyewe angesimama kwenye ngazi. Na msimu ulikuwa umebaki mfupi.

"Nitamuuliza," alisema.

Juu, mbao zililia mara moja.

Alasiri gari la kaka yake, Ziad, lilisimama pale mtaa unapoanza kuwa mwembamba. Ziad aliishi Kizingo, katika nyumba yenye ukuta mrefu na geti, na mama yao hakuwahi kulala huko hata siku moja. Alikuwa akisema kule watu hufa jirani asijue. Sasa alishuka ngazi amejifunika gubigubi, miwani tu ikionekana, na Ziad nyuma yake na begi dogo.

"Mama, waenda wapi? Eda haihamishwi."

"Nimempigia maalim. Amenambia mwenye hofu nyumbani mwake ana ruhusa ya kuhama. Akaniuliza, una hofu, Mejumaa? Nikamwambia ninayo."

"Hofu ya nini? Hawarudi tena! Nitamwambia Imtiaz hapana."

"Ulimwambia utaniuliza. Haya, sijaulizwa bado." Bi Mejumaa alingoja. Alingoja kweli, ameshika ukingo wa ngazi, na Badria hakuweza kulitoa lile swali wala kulikana. "Basi," mama yake akasema.

Badria alinyoosha mkono ampokee mkono wa kuagana, aubusu kama siku zote. Bi Mejumaa aliushika, akaugeuza. Katikati ya kiganja palikuwa na doa kubwa jekundu, pale koni ilipopasuka alipoifinya jana yake akipanda mbio. Alikuwa amelisugua kwa ndimu na kwa sabuni ya mche. Hina ilikuwa imeshika vizuri. Hina yake siku zote ilishika vizuri.

Mama yake alilitazama. Aliukunja ule mkono vidole vikifunika doa, akaurudisha kwa mwenyewe, akatoka.

Ziad alibaki nyuma kidogo. "Umefanya nini, Badria?" aliuliza, si kwa ukali, akaondoka bila kungoja.

Jirani wa mbele alichungulia dirishani, akaliona gari, akalifunga dirisha. Simu iliwaka juu ya meza ya vikombe: Imtiaz, akitaka jibu kabla ofisi haijafungwa. Badria hakuigusa. Alipanda mpaka juu, akalivuta pazia likae sawa, akaufunga mlango, akatia komeo. Lilikuwa gumu kwa kutotumika, akalisukuma kwa mikono miwili mpaka likaingia. Kisha akaketi kwenye ngazi, nje ya chumba ambacho hakikuwa na mtu.