Benchi la Mwisho la Genowefa

Jumapili ya pili ya Januari, saa nne kasorobo asubuhi, Zenon alikung'uta theluji kwenye viatu, akavua kofia, akaenda benchi la mwisho. Mkewe Genowefa alikuwa ameshakaa. Alizikwa Novemba.

"Kakutangulia tena," alinong'ona Pelagia wa duka la mikate. "Ulikuwa unatafuta soksi?"

"Mwenzangu siku hizi hakamui ng'ombe," Zenon akajibu.

Benchi lile walilikalia miaka thelathini na moja. Mke wa kwanza wa Zenon alimkimbia, akaenda Chicago na fundi bomba. Lakini ndoa ya kanisa ni ndoa, na faili la kuomba ibatilishwe limelala ofisi ya askofu tangu enzi za askofu yule aliyekwisha kufa. Wakubwa hawana haraka, njaa si yao. Paroko alimwambia Genowefa: njoo Misa, sali, ila Komunyo usiijongelee. Akatii. Wapo wa hali yake waliopanda basi wakapokee parokia za mbali wasikojulikana. Yeye hata siku moja.

Jumapili ya kwanza baada ya mazishi, miale miwili ya picha ya Yesu wa Huruma, mwekundu na mweupe, ilitoka ukutani, ikapita juu ya vichwa vya watu, ikatua mapajani pa Genowefa, aliyekuwa amerudi kukaa mahali pake. Haikuondoka. Paroko aliandika kuuliza afanyeje. Ofisi ilimjibu kwamba kufa hakufungi faili.

Leo askofu wa sasa alikuja mwenyewe. Wakati wa Komunyo, Zenon alimgusa mkewe kiwiko.

"Nenda, mama. Mwenye faili yuko pale."

"Akiniita."

Zenon akasimama. "Baba Askofu, mke wangu anaomba kupokea."

Askofu alimgeukia paroko. "Faili lake?"

"Bado, Baba Askofu."

"Basi tungoje."

"Tungoje," alisema Genowefa, bila kununa, akafumbata mikono ndani ya mwanga.

Zenon hakukaa. Watu wote walikuwa wamegeuka nyuma, naye akasogea pembeni kidogo wamwone mkewe vizuri.

Misa ilipokwisha, askofu alipita katikati akitoka. Baridi ilikuwa kali mle ndani. Alipofika benchi la mwisho alisimama, akavua glavu, akanyoosha vidole kwenye miale, akavigeuza huku na huku mpaka vikapata joto.

"Asante, mama," akasema, akaenda kwenye gari.