Nyumba ya Pasta Grégoire

Siku Pasta Salomon Kahozi aliposhuka kwenye lori kutoka Kongolo, hakuna aliyekuja kumpokea. Alisimama kando ya barabara na sanduku lake, joho limekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, akauliza kanisa la Walutheri liko wapi. Mama mmoja aliyekuwa anaanika ndagala, dagaa wa ziwani, alimuonyesha kwa kidole, kisha akamtazama sana.

"Wewe njo mwenye wametuma kwa nafasi ya Pasta Grégoire?"

"Hapana, Mama. Nimekuja kushika kwa muda tu."

"Lakini Pasta Grégoire bado hajazikwa," akasema yule mama, akarudi kwa ndagala zake.

Kisa chenyewe kila mtu wa Kalemie alikijua. Pasta Grégoire alikwenda Moba kubatiza watoto, na wakati wa kurudi dhoruba ikapindua boti. Ziwa liliwarudisha wengine, wazima na wafu. Yeye halikumrudisha. Miezi ilipita, wazee wa kanisa wakataka kuweka matanga, lakini mke wake, Mama Émérence, akakataa. Mume wangu anajua kuogelea, alisema. Pengine wavuvi wa ng'ambo walimuokota, yuko Kigoma, mgonjwa, hana simu. Akaendelea kukaa na watoto wake wanne katika nyumba ya pasta, iliyojengwa ukuta kwa ukuta na kanisa.

Askofu alimpa Salomon kazi mbili tu: awaongoze wale Wakristo wamlilie pasta wao, hata bila mwili, na nyumba iwe wazi kabla ya Pasaka, maana pasta mpya alikuwa njiani na jamaa yake. Salomon aliitikia. Maisha yake yote alitumwa kushika nafasi za wengine, na sasa mvi zimemjaa, mke amekufa, hajawahi kuwa na usharika alioweza kuuita wake.

Jumapili ya kwanza alikuta kiti cha pasta kimefunikwa joho la Grégoire, mikono yake imening'inia pande zote mbili. Hakuthubutu kuligusa. Akaongoza ibada akiwa amesimama. Alipoalika watu kwenye Chakula cha Bwana, hawakuinuka. Alibaki mbele ya altare ameshika sahani ya mkate, akingoja, kisha akairudisha mezani.

"Usikasirike, Papa Pasta," mwenyekiti wa baraza, Mzee Isidore, alimwambia baadaye. "Tuko na pasta wetu. Hatuwezi kula katika mkono wako na hatujui yeye yuko wapi."

Alilala katika chumba cha sakristia, kati ya ngoma za kwaya na maboksi ya mishumaa. Kupitia ukutani aliwasikia watoto wa Grégoire wakisoma masomo yao kwa sauti. Kila jioni Mama Émérence alimletea ugali wa bukari na samaki, akaweka sahani mlangoni, akaondoka.

Ndipo habari ikaja kutoka Mpala. Katekista wa misheni ya kule alikuwa amezika mwanaume aliyeletwa na ziwa.

"Nitakwenda mimi kuangalia," Mama Émérence akasema mbele ya wazee. "Na Papa Pasta anisindikize."

Katika boti alikaa chini, mgongo kwa maji, ameshika mkono wa joho la Salomon kama mtoto. Hakuuachilia mpaka walipofika.

Katekista, Papa Jacob, aliwapeleka kwenye kaburi lililo juu ya mchanga, lina msalaba wa mbao za boti. "Hatukujua jina lake wala dini yake," alisema. "Tulimuzika kama mutu wetu. Uso ulikuwa umeharibika. Lakini tulibakiza hii, kwa siku yenye mutu atakuja kuuliza."

Akatoa mshipi wa ngozi, umekauka na kujikunja. Mama Émérence akaupokea. Kabla hajaukunjua, kidole gumba chake kilikwenda moja kwa moja kwenye tundu moja ambalo halikuwa kwenye mstari wa mengine, kikasimama pale.

"Si wake," akasema.

Papa Jacob akamtazama Salomon. Salomon akatazama chini.

Walipokuwa wanarudi pwani, Salomon alisimama. "Mama Émérence. Ni yeye."

Mama akakaa mchangani hapo hapo.

"Lile tundu nililitoboa mimi," akasema. "Na musumari wa moto, wakati malaria ilimukondesha na suruali ikawa inaanguka."

"Sasa kwa nini?"

"Nikisema amekufa, kesho batasema nyumba ni ya kanisa. Nitaenda fasi gani na batoto? Nyumba ya baba yangu ziwa liliingia, mpaka leo samaki njo wanalala ndani." Alikuwa anakunja mshipi na kuukunjua. "Unajua hata kulia sijalia, Papa Pasta? Nikilia watajua."

"Nitasema nao," Salomon akamwambia. Hata maneno yakiwa bado mdomoni alijua uzito wake ni mdogo.

Alisema nao. Wazee wa baraza aliwaambia tu kwamba mama hakuutambua ule mshipi, na hapo uongo ukawa wa kwake pia. Kisha akaomba mjane aachiwe nyumba, au ajengewe nyingine. Hata Mzee Isidore hakumkasirikia. "Nusu ya watu wetu wanalala chini ya mahema tangu maji yapande," alisema. "Tukimujengea mumoja, wengine tutawaambia nini?" Salomon akampigia askofu. Pasta mpya alale wapi na watoto wake, askofu akauliza, sakristia?

"Mimi nalala humo, Baba Askofu."

"Wewe uko peke yako, Salomon."

Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa, watu wakisubiri habari ya Mpala. Salomon alisimama mbele akafungua kinywa. "Kuhusu ile safari," alianza. Alitazama kiti kile na joho lake, akatazama watu, hakupata neno la kweli wala la uongo.

Mama Émérence akainuka kutoka benchi la wamama.

"Kaa, Papa Pasta," akasema. "Huyu muzee asibebe uongo wangu mbele ya altare. Nilidanganya. Ni yeye. Yuko Mpala, walimuzika vizuri." Akageukia kwaya. "Ketsia ananiuliza kila asubuhi kama baba atafika mbele ya mitihani. Nimechoka kumujibu."

Ketsia, binti yake mkubwa, alikuwa kwenye kwaya. Yeye ndiye aliyelia kwanza. Kisha mama mwenyewe akalia, kilio cha miezi yote, wanawake wakamkimbilia, na wazee waliokuwa wamejikaza wakafunika nyuso. Kanisa zima lililia mpaka jua likapanda juu ya paa. Salomon akalitoa joho kwenye kiti, akalikunja, akalitia mikononi mwa mjane. Siku ile watu walikuja mezani kwa Bwana, wakapokea mkate kwake macho mekundu, naye hakuona furaha yoyote.

Maana nyumba ilibaki ya kanisa. Salomon alizunguka Kalemie yote, kwa mapadri, kwa madhehebu mengine, kwenye ofisi za mashirika ya misaada. Kila mahali walimkaribisha kiti, wakamsikiliza, wakamsikitikia. Mwishowe ndugu ya Grégoire, mchunga ng'ombe huko Pepa, akatuma neno: anaweza kumpokea mjane na watoto wadogo. Ketsia angelazimika kuacha masomo. Mzee Isidore, yule yule aliyekataa, akasema msichana abaki asome, atalala na binti zake, ingawa kwake kulikuwa kumejaa.

Siku ya kuondoka Salomon alibeba godoro mpaka bandarini. Mama Émérence alikuwa amemuomba mwenye boti asimame kidogo Mpala, wapite kaburini, kisha ndiyo waende Moba, njia ya Pepa.

"Papa Pasta, sikukukasirikia," alisema. "Lakini usiniambie Mungu atafungua mulango. Leo usiniambie."

Salomon alimpa mkono, akawainua watoto mmoja mmoja ndani ya boti. Injini ikawaka. Ketsia hakupunga mkono. Alitembea akaingia majini na viatu vyake, maji yakafika magotini, yakalowesha sketi ya shule, naye anaendelea tu, na Salomon akaingia nyuma yake na suruali yake ya ibada, akamshika bega. Wakasimama hivyo wote wawili, huku Mzee Isidore anawaita kutoka nchi kavu.