Kapita wa Tano

Kapita, mbwa wake wa Kijerumani wa mbegu safi, alipokufa, Kazadi hakulia, maana aliamini atarudi. Kwao Kikula, pale Likasi, mtoto hupewa jina la marehemu, na marehemu hurudi nalo. Basi akampandisha binti wa Kapita na kaka yake, kisha mjukuu na mjomba, na kila dume aliyemfuga akamwita Kapita. Ndotoni aliwaona wote wakitembea katika vumbi la njano, mgongo mweusi ule ule, kama mbwa mmoja asiyekoma kupita.

Lakini Kapita wa tano alikuwa kiziwi. Kazadi alipiga mluzi. Mtoto wa mbwa akaendelea kutazama jua.

Mwadi, mkewe, akachoka kunyamaza. "Wakati ulikuya kunioa, baba yako aliuliza ukoo yetu mpaka kwa bankambo, wazee ya zamani, tusikuwe damu moja. Hii imbwa yako, nani alimuulizia?"

Kazadi alinuna wiki nzima. Kisha akampeleka jike wake Kambove, kwa dume la dereva mmoja, Djibril: mbegu ile ile, ukoo wa mbali.

Watoto wakatoka wekundu, masikio makubwa, sura za kigeni. Walipoanza kutambaa uani, Kazadi akapiga mluzi, mazoea tu. Mmoja akageuka, akainamisha kichwa kushoto, taratibu, vile vile kama Kapita wa kwanza.

"Tumuite Kapita?" Mwadi aliuliza.

Kazadi akamnyanyua yule mdogo, machozi yakimtiririka.

"Hapana," alisema. "Kapita alikufaka."