Kitufe cha Kurudisha Nyuma

Twiga hakuitwa Twiga kwa urefu. Kwa urefu, angeitwa kitu kingine, na pengine angegomba. Aliitwa hivyo kwa sababu kazi yake ilikuwa juu, ndani ya kibanda cha kioo cha kreni kwenye yadi ya makontena, ambako alishinda akiwatazama wenzake utosini. Nani ameanza kuota kipara, Twiga alijua kabla ya mke wa mwenye kipara.

Lakini hiyo ni zamani kidogo. Tangu ile ajali, alishinda kwenye kochi. Mto wa kochi ulikuwa umeshachukua umbo lake, na mkewe, msusi mwenye saluni yake hapo hapo barazani, alisema siku mumewe akiinuka watamimina saruji kwenye lile bonde wapate Twiga wa pili, huenda huyo akafua hata soksi. Twiga aliusikia utani huo, akaelewa kuwa ni utani, na hakucheka. Hakukasirika pia. Chakula kikiletwa alikula. Kikiondolewa hakuuliza.

Alichofanya ni kucheza gemu. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi wa kompyuta, alimletea kijisanduku kidogo kama mche wa sabuni kilichojaa magemu ya zamani, yale ya kaseti ambayo kabla ya kuwaka ulikuwa unayapuliza kwanza kama chai ya moto. Kilikuja na ubao mpya kabisa wa kuchezea: kushoto kijiti chenye kirungu chekundu, kulia vitufe vikubwa vinavyowaka taa, mfano wa zile mashine za kutumbukiza sarafu. Shemeji alieleza kwamba mtu aliyezoea kusukuma wenzo arudishiwe wenzo mkononi, atapona, na dawa yenyewe haina masharti ya kula kwanza. Kisha akaonyesha kitufe kidogo cha kijani kwenye kona. Hicho, alisema, kwenye mashine za zamani hakikuwepo. Zamani ukifa umekufa. Siku hizi unakibonyeza, mchezo unarudi nyuma, unakuta hujafa.

Kati ya magemu mia na ushee, Twiga alichagua moja tu. Mchimbaji mwenye kofia ya njano anashuka mgodini ndani ya ndoo. Kijiti chini, ndoo inashuka. Kijiti juu, inapanda. Mawe yanachomoza ukutani, ukizubaa yanambana. Twiga alimshusha, jiwe likambana, akabonyeza kijani: jiwe likarudi ukutani, mchimbaji akafumbua macho, ndoo ikapanda. Hakuwa na haja ya kushinda. Wakati mwingine alibonyeza kijani hata kama hakuna kilichotokea, akitazama tu vitu vikirudi vilikotoka.

Jumapili baada ya chakula akaingia Trafiki. Huyu ndiye mpiga ishara wa yadi, yule anayesimama chini na kumwelekeza mtu wa kreni kwa mikono, na ndiye ambaye ajali ile ilimwachia vidole vitatu mkono wa kushoto. Kile cha mwisho na jirani yake vilibaki kati ya kontena na trela. Pete yake ya ndoa ilihamia mkono wa kulia, na yeye alimwambia kila mtu kwamba mkewe amelazimika kuolewa upya, safari hii upande wa pili, na mahari hajaongezewa.

Alimsalimia mke wa Twiga pale barazani, akamtania mteja aliyekuwa nusu kichwa kimesukwa nusu bado, akaingia ndani na kusimama mbele ya televisheni makusudi. Akamkumbusha Twiga kwamba kesho ni Jumatatu. Twiga alijua. Foromani alikuwa amemjaribu mara moja, akapanda, akashika wenzo, akakaa. Akakaa mpaka foromani akamwambia ashuke aende nyumbani. Jumatatu ndiyo mara ya mwisho. Asipoinua kontena, kibanda anapewa mwingine, na yeye anapelekwa kuosha maturubai.

"Na kuosha maturubai hutaweza," alisema Trafiki. "Maturubai yanataka mtu mrefu."

Twiga alisogea kidogo ili aione televisheni. Jiwe likambana mchimbaji. Akabonyeza kijani.

Trafiki alikitazama kitufe kile kwa muda. Akatoa mfukoni plasta iliyobaki ya kufungia kidonda chake, akakata kipande kwa meno, akakibandika juu ya kijani. Kisha akasimama pembeni ya televisheni, miguu imeachana, kama yuko kazini, akanyoosha mkono wa kulia, kiganja chini, kikizunguka. Shusha.

Mkono wa Twiga ulishusha. Yeye mwenyewe hakuwa na habari. Ngumi: simama. Akasimama. Kidole juu: pandisha. Akapandisha. Wakaenda hivyo, kimya, na ndoo ikavuka pale ilipokuwa ikifia kila siku, ikafika shimo ambalo Twiga hakuwahi kuliona, lenye mawe ya bluu. Huko jiwe likachomoza upande wa kushoto. Twiga akaliona. Kiganja cha Trafiki kikazunguka: shusha. Akashusha. Jiwe likambana mchimbaji.

Wakaanza upya. Pale pale, jiwe lile lile, kiganja kile kile. Akashusha. Mara ya tatu kidole cha Twiga kilikimbilia kona, kikakuta plasta.

"Unanionyesha vibaya," alisema.

"Najua. Jiwe uliliona?"

"Nililiona."

"Sasa mbona ulishuka?"

Barazani kitana kilisimama. Hata yule wa nusu kichwa aligeuza ile nusu iliyokwisha ili asikie vizuri.

"Kwa sababu umeonyesha wewe," alisema Twiga.

Trafiki aliteremsha mkono. Wakaguzi walipokuja yadi, yeye aliulizwa kama alionyesha ishara ya kushusha, akasema ndiyo. Twiga aliulizwa kama aliiona ishara ya kushusha, akasema ndiyo. Yote kweli, wakaguzi wakaenda zao. Hakuna aliyeuliza habari za mkono wa pili, uliokuwa umeshika kona ya kontena kuliweka sawa.

"Na siku ile," alisema Trafiki, "mkono wangu wa kushoto uliuona?"

"Niliuona."

"Vizuri?"

"Mpaka pete."

Trafiki alikaa kwenye mkono wa kochi. Aliizungusha pete kwenye kidole chake kipya, upande huu, upande ule.

"Mimi nilidhani nimeshautoa," alisema.

"Na mimi nilidhani utautoa."

Basi. Hakuna aliyelia, hakuna aliyekumbatiwa. Kitana kilianza tena taratibu. Baadaye Trafiki alisema kwamba honi ya kreni haikuwekwa kwa ajili ya harusi, na kwamba Twiga akiona kitu aipige, hata kama anayeonyesha ni Trafiki. Hasa akiwa Trafiki, maana Trafiki anajulikana kwa haraka zake. Akasimama tena pembeni ya televisheni.

Kufika mawe ya bluu, kiganja kikazunguka. Twiga alikitazama. Akakitazama na kile kitufe cheupe cha kusimamisha mchezo, ambacho siku zote hakuwa na shughuli nacho. Akakibonyeza. Ndoo ikaning'inia.

"Shuka, bwana."

"Sishuki."

Trafiki alipunga shusha mpaka mkono ukachoka. Twiga alikunja mikono kifuani, akamwangalia.

Jumatatu foromani alikuwa chini ya kibanda cha bati na kikombe chake cha chai. Pembeni yake alisimama mtu mpya, tayari amevaa glavu. Twiga alipanda ngazi, akakaa, akashika wenzo. Ulikuwa wa baridi. Kirungu chake kilikuwa cheusi, na kwenye kona hapakuwa na kijani.

Kontena likainuka. Likapita hewani, likafika juu ya trela. Trafiki, chini kabisa, akanyoosha mkono wa kulia, kiganja kikazunguka: shusha. Mkono wa kushoto haukuonekana. Alikuwa ameuficha mgongoni, ndani ya mkanda.

Twiga akapiga honi.

Chai ya foromani ikamwagika. Mtu mpya akavuta glavu zake vizuri. Twiga hakushusha, hakupandisha. Kontena likaning'inia, na Trafiki akainua uso, akangoja, kisha akaelewa. Akauchomoa mkono wa kushoto, akaunyanyua juu sana, vidole vitatu vimeachana.

Twiga aliiangalia mikono yote miwili. Akashusha.

Kontena lilikaa kwenye trela. Moyoni mwa Twiga hakuna kilichoruka wala kilichoshangilia. Alingoja kidogo kuona kama kitakuja, hakikuja. Chini, Trafiki alikuwa anaonyesha kontena la pili. Twiga akavuta wenzo, na ndoano ilipokuwa ikipanda alimwona foromani amevua kofia anajifuta chai. Kipara kilikuwa kimeongezeka.