Ini la Mgeni wa Kusini

Ulluriaq alikuwa amekwisha kupoteza maini mawili ya sili. La kwanza lililiwa Jumatatu, la pili Jumatano, na walaji walikuwa wazee walewale aliokuwa akiwapigania. Hili la Ijumaa lilikuwa la mwisho, kwa maana ndege ya kulipeleka kusini kupimwa ingeondoka saa tisa na maabara ya chuo chake isingempa nafasi nyingine. Msimamizi wa nyumba ya wazee alikuwa ametamka wazi: bila karatasi yenye takwimu za madini ya chuma na vitamini A, jiko lake halitapokea nyama ya sili, mnyama wa bahari yao ya barafu. Wazee wangekula kuku wa kuchemsha mpaka barafu ya ghuba ivunjike.

Mjomba wake, Putulik, alimburuta sili hadi sebuleni kwake na kumlaza juu ya maboksi yaliyotandazwa sakafuni. Kabla hajampasua, mlango ulianza kufunguka, na wazee wakaingia mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na kisu chake.

"Mjomba! Nilikuomba usitangaze kwenye redio ya kijiji!"

"Sikutangaza. Nilisema tu nimerudi salama."

"Na nini tena?"

"Na kwamba nimechoka kwa kuvuta mzigo."

Mbavu zikaanza kuliwa mbichi palepale. Ini lilipotoka, likifuka mvuke, Ulluriaq alilinyakua na kulificha nyuma ya mgongo wake. Bibi yake, Alasi, mwenye miaka sabini na minane, alimsogelea kwa magoti.

"Mama," alisema kwa sauti nyembamba ya kitoto, "nina njaa."

Hapo ndipo penye mtego. Ulluriaq alipewa jina la marehemu mama yake Alasi, na pamoja na jina akapewa cheo. Tangu siku alipozaliwa, kikongwe huyu alimwita Mama, na alijua vizuri wakati wa kulitumia neno hilo.

"Umemaliza mbavu mbili sasa hivi, mwanangu."

"Mbavu ni za meno. Ini ni la damu. Hata daktari kasema damu yangu imepungua."

"Ndiyo maana nataka lipimwe, mpate kulila kila wiki!"

"Mbona mimi nimelipima miaka yote hii? Nikila ini, napanda kilima. Nikila kuku, napanda kitanda."

Wazee wakaangua kicheko. Maina, jirani wa chumba cha Alasi katika nyumba ya wazee, akapangusa kisu chake. "Mama mchoyo huyo, Alasi. Tafuta mwingine."

Uchoyo! Hakuna tusi zito kuliko hilo katika kijiji kile. Ulluriaq akakata kipande kimoja, kisha kingine, kila mara akiapa kuwa ni cha mwisho, hadi mkononi mwake likabaki pande dogo kama kiganja. Maabara ilitaka gramu mia mbili. Ilikuwa saa nane na nusu.

"Mwanangu," alisema polepole, "nani alikulea?"

"Wewe, Mama."

"Nilikufundisha kula fungu la mgeni?"

Alasi aliangaza macho chumbani. "Mgeni gani?"

"Yuko kusini. Kazi yake ni kuonja. Ananisubiri tangu Jumatatu, na mara mbili mmemlia fungu lake."

Vicheko vikakatika. Maina akashusha kisu. "Mara mbili?"

"Na halalamiki."

"Anaitwa nani?"

Ulluriaq aliifikiria mashine ya maabara ambayo ingelipima ini, kubwa kama friji. "Hana jina. Ana namba tu."

"Maskini," alinong'ona Alasi. "Hata jina hakupewa."

Kwa aibu kuu, Maina alitoa mfukoni kipande alichokificha ndani ya karatasi ya biskuti. Mwingine akatoa cha kwake kwenye glavu. Ulluriaq akavipokea vyote, huku akitunga kichwani sentensi ya kitaaluma itakayoeleza makombo ya biskuti. Mizani ikasoma gramu mia mbili na kumi.

Alasi alikuwa tayari ameweka kipande cha shahamu juu ya ini. "Mtu hali ini kavu."

"Nitamfungia shahamu pembeni, mwanangu."

Putulik aliwasha pikipiki ya theluji. Alasi alitoka mlangoni bila koti, akampigia kelele Ulluriaq aliyekumbatia boksi la ini:

"Akishashiba, Mama, mwambie aiandike ile karatasi haraka! Kesho ni kuku!"