Pete Isiyokwaruza

Mchirizi wa damu mgongoni mwa mama haukuzidi urefu wa njiti ya kiberiti. Nilikuwa nikimwosha, nikasahau kuvua pete.

"Aa!" akashtuka. "Leo umekuja na paka?"

Nilicheka ili nisilie. Ilikuwa pete ya shaba, yenye kipande cha kioo kilichoinuliwa juu na vijino vinne. Sonara wetu ana mtindo wake: hagusi dhahabu mpaka bibi harusi ashinde wiki nzima na pete ya kujaribia, apike nayo, afue nayo. "Pete huchaguliwa na kazi za mkono," husema. "Macho ni mashahidi tu."

Kazi ya mkono wangu ni mama. Uvimbe katika uti wa mgongo ulimlaza miaka miwili iliyopita. Miguu ikafa ganzi, kisha nyonga. Namgeuza, namwosha, namkausha, na ngozi yake sasa ni nyepesi kama utando wa juu ya maziwa. Daktari alituambia tuombe ganzi isivuke kiuno. Ikivuka, alisema, hatakuwa na la kufanya. Ndiyo maana mkwaruzo ule, pamoja na kunitia aibu, ulinipa furaha ya kijinga: mama alikuwa bado anasikia.

Wiki ilipokwisha tulirudi kwa sonara, mimi na mchumba wangu.

"Nataka kito kizamishwe," nikasema. "Kilale sawasawa na dhahabu. Nikipitisha kidole, nisikione."

"Kikizama hakipati mwanga," mchumba akasema. "Kitakuwa kama chembe ya mchanga."

"Kikiinuka kitamkwaruza mama."

Akashusha sauti. "Mpenzi, harusi ni mwisho wa mwaka. Na pete utaivaa miaka arobaini."

Hesabu iliyobaki ilikuwa ya siku za mama. Sonara aliinama akafungua droo, akaifunga bila kutoa kitu. Mchumba wangu si mtu mbaya. Ndiye aliyembeba mama mgongoni ghorofa tatu siku lifti ya hospitali ilipoharibika. Nilimchukia kwa pumzi moja tu. Iliyofuata nilijichukia mwenyewe, maana hesabu hiyo hata mimi nilikwisha kuipiga, nikaifuta kabla haijatoa jibu.

Nyumbani nilimsimulia mama, nikiruka yale ya miaka arobaini. Aliyajaza mwenyewe.

"Mwachie kijana wa watu kito chake kirefu. Mgongo huu si wa kuchagulia pete."

"Mimi nimeuchagulia huohuo."

"Kichwa ngumu kama baba yako," akasema, akafumba macho.

Basi wawili niwapendao walikuwa wamekubaliana bila hata kukaa kikao. Nilibaki peke yangu nikibisha, na kubisha kunachosha kuliko kuosha.

Sonara alikizamisha kito. Wiki tatu baadaye aliipitisha pete juu ya shavu lake mwenyewe mbele yetu. "Hii haimkwaruzi hata mtoto mchanga," akasema. Mchumba wangu akanivisha, akanibusu mkono, hakunung'unika. Nilirudi nyumbani karibu nikimbie.

Jioni nilimgeuza mama akaelekea ukutani. Nilichovya kitambaa, nikaanzia kiunoni, nikapanda polepole hadi chini ya mabega, pete ikiteleza juu ya mifupa yake. Hakushtuka. Sikuwa nimeshinda jambo lolote kwa muda mrefu, nikajikuta natabasamu.

"Unaionaje, mama?"

"Naionaje nini?"

"Pete. Nimeivaa."

"Sijaisikia."

"Si nilikwambia?"

"Ulinambia," akasema. "Haya, anza basi kuniosha. Maji yatapoa."

Maji yalikuwa yakimtiririka mgongoni. Nilitafuta kovu la ule mkwaruzo, nikakandamiza ukucha hapohapo hadi ngozi ikaweka alama.

"Mbona kimya, mwanangu?" akauliza, uso ukutani. "Nakungoja."

Nikachovya kitambaa, nikaanza upya.