Firigisi ya Ijumaa

Mtu hapiti kwake bila kula. Ndivyo Wabukusu wanavyosema, na Fridah hakuwa mwanamke wa kuwaachia watu wa Kamukuywa neno la kumsema. Kila Ijumaa alasiri alisimama kando ya barabara, katikati ya wauza ndizi, hotpoti imefungwa ndani ya leso, akingoja lori la unga kutoka Kitale. Lori likisimama, mumewe Wepukhulu aliinama dirishani, akapokea kuku na ugali, akasema, "Asante, Mama Tonny," na lori likaondoka. Juu kabisa ya ile nyama, firigisi. Firigisi ni ya mwenye boma. Hata mtoto anajua hilo.

Basi mwanaume akajidanganya kwamba kwa kula chakula cha kwake, amefika kwake.

Wepukhulu alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha unga huko Kitale, na wikendi mwanafunzi Bungoma, mvi kichwani, akisomea digrii ya usimamizi wa teknolojia ya uhandisi. Miaka minne, bana! Siku za kazi kiwandani, Jumamosi na Jumapili darasani, kisha lori lilelile limrudishe Kitale. Na nyumbani? Nyumbani alipita. Sasa ulikuwa mwaka wa 2009, na lilibaki jambo moja tu: Jumamosi asubuhi atetee mradi wake mbele ya walimu. Asipofika, angengoja mwaka mzima.

Mradi wenyewe ulihusu kusimamisha mashine za kusaga na kuzihudumia kabla hazijaharibika. Alipomweleza Fridah kwa simu, mkewe alicheka mpaka akakohoa.

"Kwani hiyo si usipoziba ufa utajenga ukuta? Ati umeenda Bungoma miaka yote hiyo kusomea methali?"

Ijumaa ile lori likasimama Kamukuywa. Wauza ndizi walikuwapo. Fridah hakuwapo. Wepukhulu akapiga simu, haikushikwa. Dereva, Kipketer, alikuwa ameshawasha injini.

"Twende, mwalimu wa mashine! Kesho si ni siku yako kubwa?"

Wepukhulu alitazama pale mahali mkewe husimama. "Mimi nashuka," akasema.

Alimkuta kitandani, amejifunika blanketi mbili, anatetemeka kwa malaria. Mezani hotpoti ilikuwa tayari ndani ya leso. Alikuwa amechinja, amepika, amefunga. Miguu ndiyo iliyokataa kufika barabarani. Lo! Wepukhulu alishikwa na uchungu hadi machozi yakamtoka. Akaazima pikipiki ya jirani, akampeleka mkewe zahanati, Fridah akadungwa sindano na kupewa dawa, wakarudi kabla ya giza. Kisha akampigia mwalimu wake simu. Mwalimu alisikitika, lakini sheria ni sheria: mwaka ujao.

Asubuhi homa iliposhuka, hasira ya Fridah ikapanda.

"Nimelima peke yangu miaka minne ndio usome, na wewe unatupa digrii juu ya malaria? Malaria, Baba Tonny! Mimi ndio wa kwanza kuugua?"

"Ulianza kuumwa lini?"

"Jumanne."

"Na Jumatano tuliongea kwa simu. Mbona hukusema?"

"Si ulikuwa na mambo yako ya mradi." Akageukia ukuta. Lakini Fridah hajui kununa kwa muda mrefu, akamgeukia tena. "Haya. Saa hii ungekuwa mbele ya hao walimu. Simama hapo unielezee mimi, nisikie hiyo kitu nimelimia."

Akasimama kando ya kitanda, mikono nyuma, akaeleza. Na alieleza vizuri, asinyimwe haki yake: jinsi mashine inavyozimwa ingali nzima, ikafunguliwa, ikapakwa grisi, jinsi wenye viwanda wanavyoogopa kuizima wakati mahindi yamejaa ghalani. Fridah alimsikiliza kama anayesikiliza mahubiri ya Pasaka.

"Sasa mashine ni mingi," akasema. "Mnajuaje ya kuanza nayo? Mnaanza na ile inapiga kelele?"

"Hapana. Hiyo kila mtu anaikimbilia. Unaanza na ile haijawahi kulalamika, kwa sababu hiyo ndiyo..."

Hakumaliza. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akashika miguu ya mkewe juu ya blanketi.

"Nisamehe, mama," akasema.

Fridah hakuiondoa miguu yake. Baadaye Wepukhulu akapasha kuku moto, akaleta sahani, akachukua ile firigisi na kuipeleka kinywani mwa mkewe.

"Wewe! Hiyo ni yako. Watu wakisikia?"

"Wasikie mpaka Misikhu. Fungua mdomo."

Akafungua. Akatafuna polepole, nusu analia, nusu anacheka.

"Kumbe ndiyo hii mnatunyima," akasema. Akameza, akamtazama mumewe. "Na mwaka ujao, hiyo lori ikisimama hapo barabarani?"

"Nitashuka," alisema Wepukhulu, akammegea ugali.